Uzito Wowote Isipokuwa wa Lyle

Jumamosi, tarehe 1 Novemba

Theluji nyepesi. Kahawa imeungua. Nimefanya jambo la kijinga, tena mbele ya shahidi.

Lyle Beauchamp, kaka wa marehemu mke wangu, alikuja asubuhi kuidai bunduki. Alisimama jikoni kwangu na kofia kichwani, akasema msimu wa kulungu unafunguliwa tarehe kumi na tano kama kawaida, na ile bunduki ya wenzo, ya kukokwa kwa mkono, aliinunua baba yake mwaka 1927, na kwa kuwa Doreen hayupo tena, inafaa irudi kwa wenye ukoo. Nikamwambia baba yake alimwachia Doreen, hakumwachia yeye. Akasema ndiyo, kwa sababu Doreen alijua kuipiga. "Lakini wewe, shemeji, tusifichane. Wewe hata ghala ukiwa ndani yake hulipati."

Mzee Waino Saari, mpishi wa kambi yetu ya uwindaji, alikuwa amekaa pale akinywa kahawa yangu. Akacheka mpaka meno yakamtoka. Meno yenyewe ni ya bandia, lakini aibu ilikuwa ya kweli.

Nikapandwa na hasira. Hasira yangu hutangulia akili, Doreen alinikumbusha hilo kila wiki. Nikasema basi, tushindanie. Ijumaa tarehe 14, kambini, siku moja kabla ya msimu. Mimi, bunduki hiyohiyo, risasi tatu, yadi mia moja. Kifuniko cha kopo la ugoro la Waino kikiyafunika matundu yote matatu, bunduki inabaki kwangu na sitaki kusikia habari zake tena. Kisipoyafunika, Lyle anaondoka nayo. Kifuniko cha ugoro ndicho rula ya kambi tangu enzi za baba zetu, hakuna anayebishana nacho.

Waino akayaandika masharti nyuma ya karatasi ya ibada. Tukatia saini. Lyle aliinyakua kalamu haraka mno.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mia na sabini, shemeji. Vichwa vya greni mia na sabini. Hiyo bunduki haitaki uzito mwingine. Nakwambia kwa wema tu."

Kwa wema! Miaka 39 nimeisikia namba hiyo mezani kwa akina Beauchamp. Baba mkwe akiisema, Lyle akiirudia, Doreen akicheka. Greni ni kipimo tu cha uzito wa kichwa cha risasi, lakini pale mezani ilikuwa kama jina la ukoo, na mimi nilikuwa mtu wa kupitishiwa bakuli la viazi. Mimi mwenyewe sitaitamka. Nitapima kila uzito uliopo Michigan. Huo wa Lyle nitauruka.

Bunduki naitaka. Acha niandike wazi. Imetundikwa juu ya mlango wa jikoni, na kwenye kitako chake rangi imefutika pale lilipokuwa likikaa shavu la Doreen. Ikiondoka, sijui nitatazama nini wakati wa kula.

Jumapili, tarehe 2 Novemba

Kanisani. Sikusikiliza mahubiri. Nilichora jedwali kwenye kitabu cha nyimbo, kwa penseli, kwa hiyo si dhambi kubwa.

Mpango ni wa kisayansi. Kila bunduki kuukuu ina uzito inaoupenda, hilo linajulikana na watu wote. Mtutu ukishakula risasi miaka sitini unakuwa na tabia zake, kama mtu mzima. Kazi ni kuujua uzito huo. Nitapima greni 125, 150, 160, na nyingine nzito. Risasi tatu tatu kwenye sahani za karatasi. Naandika kila kitu. Miaka thelathini nilifanya kazi kwenye mgodi wa chuma, nikalipua miamba bila kupoteza kidole. Siwezi kushindwa na sahani.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Dukani kwa Colette. Ni binti yake Lyle, lakini duka la vifaa vya uwindaji ni hilo moja tu, utafanyaje. Nikaagiza risasi, boksi moja moja la kila uzito. Akaziweka kaunta, akahesabu, akaniuliza kwa upole mbona nimeruka hapo katikati. "Mjomba, na hizi za mia na sabini je?"

Nikamwambia sizihitaji. Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekataa dawa. Akanipa peremende bure. Sikuipenda ile peremende, nimeila njiani.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Shimo la kokoto. Baridi ya kuvunja pua. Nimeegesha pikapu, nimeiacha injini iwake ili nipate joto, nimekunja blanketi juu ya boneti, nimelaza bunduki hapo. Waino alikuja kunisaidia kuandika.

Greni 125: tundu moja kwenye sahani, moja kwenye ubao ulioishikilia, la tatu halijulikani lilikokwenda. Greni 150: matundu matatu, lakini mbalimbali, kiganja changu hakiyafuniki. Nikarudia. Yakazidi kutawanyika.

Waino akauliza mbona nafyatulia juu ya injini inayotetemeka. Nikamweleza kwamba tunapima uzito wa vichwa, hatupimi injini. Kisayansi unabadilisha kitu kimoja tu. Akasema basi nibadilishe injini, niizime. Hana elimu ya mambo haya.

Bega la kulia limevimba.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Greni 160. Mungu mkubwa! Matundu mawili yamegusana! La tatu likaenda kushoto, kama inchi tano. Waino anadai huwa nafumba macho yote mawili kabla ya kufyatua. Ana miaka 84 na haoni vizuri.

Lyle alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akashusha kioo. Aliuliza kama nimeshanunua shati jipya. Kisha akapandisha kioo na kuondoka, mjanja, asinipe nafasi ya kumjibu.

Habari ya mashati ni hii. Kambini kwetu, mtu akimkosa kulungu, wenzake wanamkata mkia wa shati, wanauandika jina na mwaka, wanaupigilia misumari ukutani. Mikia yangu ipo kumi na moja. Lyle ana miwili. Doreen hakuwa hata na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akinipindia upindo upya nikirudi nyumbani, hakusema neno, ila kila Oktoba alininunulia mashati marefu kupita kimo changu. Sasa ndiyo naelewa. Nilidhani ni bei ya punguzo.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Jana na leo ni siku kubwa!

Nilikuwa natafuta kuni kavu kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, banda letu la kuogea mvuke. Nyuma ya rafu kuna kopo la kahawa. Limejaa risasi. Risasi za Doreen! Alizijaza mwenyewe kwa mashine ya mkono kule chini ya nyumba, na kila moja ina tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye fataki, kile kitufe cha chini kinachowasha baruti, kuzuia unyevu. Rangi hiyo hakuwahi kuipaka kwenye kucha. Risasi ishirini kamili. Nilikaa kwenye benchi la sauna na kopo mapajani kwa muda mrefu, na sauna yenyewe haikuwa na moto.

Hakuandika popote uzito wa vichwa. Lakini bunduki hii mikononi mwake ilikuwa ikipiga kifuniko cha ugoro kila mwaka. Kwa hiyo jibu limo humu koponi. Mtu mwingine angezipiga tu. Mtu mwenye akili anataka kujua.

Ninayo nyundo yake ya kung'olea vichwa. Unaifungia risasi ndani, unagonga sakafu mara tatu, kichwa kinachomoka, baruti inamwagika. Ninayo na mizani yake ndogo. Nikang'oa moja. Nikapima.

Ile namba ya Lyle.

Haiwezekani. Mizani ilikuwa karibu na jiko la kuni, na jiko linavuta hewa, na hewa inasukuma sahani ya mizani. Nikafunga jiko. Nikang'oa ya pili. Namba ya Lyle. Nikashuka na mizani chini ya nyumba, kwenye meza yake. Ya tatu. Ya nne. Namba ileile! Nikagundua friji kubwa la nyama linanguruma pale pembeni, mizani inatetemeka. Nikalizima. Ya tano, ya sita, ya saba.

Nimelala na njaa. Sikuwa na hamu ya kitu.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Nimesahau kuliwasha friji. Nyama ya kulungu ya mwaka juzi imeyeyuka yote. Kulungu wa mwisho wa Doreen. Nimeipika iliyopikika, nyingine nimewapa mbwa wa Waino. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Nikapata wazo. Ukumbi wa chini wa kanisa una sakafu ya zege, hakuna jiko, hakuna friji, hakuna upepo. Nikapeleka mizani, nyundo na kopo. Akina mama walikuwa wakiviringisha pasti za mnada wa kanisa, mikate ya kukunja yenye nyama na viazi na tanipu, unga hadi kwenye nyusi. Mke wa mchungaji akauliza nagonga nini. Nikamwambia napima ukweli. Akasema ukweli wangu unatikisa unga wao, nikagonge nje.

Nimeng'oa tisa. Tisa! Zote namba ya Lyle. Jumla kumi na sita.

Kopo limebaki na risasi nne. Mezani nina vichwa kumi na sita, maganda kumi na sita, na kikombe cha baruti. Nilipoyatazama nikaingiwa na kitu kama aibu. Nikakifunika kikombe kwa sahani ndogo.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Nimekwenda na mizani dukani kwa Colette, nikamwambia ni mbovu. Akachukua sarafu ya senti tano kutoka kwenye droo, akasema sarafu hii mpya ina greni 77, wajazaji wote wanajua. Akaiweka. Mizani ikasema 77.

Nikasema basi huenda sarafu imechakaa. Akaweka nyingine. 77.

Akazirudisha sarafu drooni, akasema shangazi Doreen alikuwa akija kila Septemba, boksi moja la vichwa vya mia na sabini, na kwa miaka yote ambayo yeye Colette amekuwa pale kaunta, shangazi hakuwahi kubadilisha. "Mjomba, si siri. Ulikuwa unamsubiri kwenye gari."

Ni kweli nilikuwa namsubiri kwenye gari. Lakini Colette ni Beauchamp. Huwezi kuwaita mashahidi wote kutoka upande mmoja. Na Doreen alikuwa na siri zake, najua, mke uliyeishi naye miaka 39 humjui yote. Huenda alinunua za Lyle kumridhisha kaka yake, akatumia nyingine. Huenda.

Siwezi kueleza kwa nini jambo hili linaniumiza hivi. Najaribu. Nataka kitu kimoja cha Doreen ambacho Lyle hakukijua kabla yangu. Kimoja tu. Haya, nimeandika.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Mpango mpya! Kama madukani hakuna uzito wangu, nitautengeneza mwenyewe. Greni mia mbili! Kitu kizito hakiyumbi, mgodini kila mtu anajua hilo.

Nimepata gereji vizito vya kusawazishia magurudumu, vya madini ya risasi, debe zima. Nimepata kalibu ya kumiminia vichwa kutoka kwa Waino, ya zamani, imeota kutu kidogo. Nimeviyeyusha vizito juu ya jiko la sauna kwa sufuria la Doreen la kuchemshia maziwa. Sufuria limekwisha kazi. Moshi ulikuwa mwingi, nikatoka nje mara mbili kutapika kwenye theluji. Waino alikuja na taulo, tayari kuoga. Akavuta hewa mara moja, akasema sauna inanuka gereji, akaenda zake. Hajawahi kukosa sauna ya Jumanne tangu vita.

Vichwa thelathini. Vizuri kwa macho. Vingine vina mikunjo. Kadhaa nimevitia kwenye maganda matupu kwa mashine ya Doreen.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Nimeshinda! Nimeshinda!

Greni 200, risasi tatu, na kifuniko cha ugoro kimefunika yote! Nilikiazima kwa Waino makusudi. Nimepima mara nne. Kimefunika!

Ilikuwa yadi hamsini tu, theluji ilizuia kwenda mbali zaidi. Lakini hesabu ni hesabu. Pia tundu moja lilikuwa refu kidogo, kama tundu la ufunguo. Waino akasema hiyo risasi imeingia ubavu ubavu, haizunguki sawasawa, kichwa ni chembamba kwa mtutu huo uliolika, na kwa yadi mia itazidi. Nikamuuliza kifuniko kimefunika au hakikufunika. Akasema kimefunika.

Sikupiga tena. Ningepiga tena ningeharibu takwimu.

Nimekula vizuri. Nimempa Doreen habari, pale pichani. Hajasema kitu, lakini yeye alikuwa hivyohivyo.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Kambini. Naandika kwenye kitanda cha juu, karibu na ukuta wenye mikia ya mashati. Jua bado lipo kidogo.

Tulifika saa nne. Waino amewasha jiko, ametundika sufuria la maharagwe. Nikamwaga mifuko yangu mezani kutafuta risasi zangu: kisu, leso, risasi zangu tatu, na zile nne za Doreen. Nilizibeba kwa bahati tu, sikuwa na nia nazo. Lyle akaona tone jekundu. Akavua kofia. Akauliza kama ni za Doreen. Nikasema ndiyo. Akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza zilikuwa ngapi. Nikasema ishirini. Akauliza nyingine ziko wapi.

Nikasema nimezipima.

Maharagwe yalikuwa yakitokota.

Tukatoka. Yadi mia zimepimwa, sahani imebandikwa. Nikajaza zangu za greni 200. Waino akaninong'oneza, bado kuna nne za marehemu, piga zile tatu, umalize mambo, urudi na bunduki nyumbani. Nikasema hapana. Nilikuwa nimeamua. Acha nisijidanganye humu: nilijua zitapiga. Nilijua kabisa! Lakini zingepiga kwa namba ya Lyle, na angesimama pale anacheka kwa miaka mingine ishirini.

Nikafyatua mara tatu.

La kwanza: pembeni mwa sahani, tundu refu, umbo kamili la kichwa cha risasi kikiwa kimelala. La pili: kwenye ubao, nalo ubavu ubavu. La tatu halikuonekana, lakini mti wa nyuma ulipukutisha theluji yote. Waino alikwenda na kifuniko chake hadi kwenye sahani kwa heshima, akasimama, akakirudisha mfukoni bila kupima.

Nikampa Lyle bunduki. Nilitegemea atacheka. Sikuwahi kumwona Lyle asicheke. Akanyoosha kiganja, akasema, "Nipe tatu za dada yangu, shemeji. Tafadhali."

Nikampa.

Hakutumia hata egemeo. Alisimama kama alivyokuwa akisimama Doreen, mguu wa kushoto mbele. Wenzo chini, juu. Chini, juu. Matundu matatu, na kifuniko cha ugoro kilibaki na nafasi ya la nne.

Lyle akakaa kwenye theluji na kulia. Mtu mzima, mwenye tumbo, amekaa kwenye theluji. Akasema ndiyo mara ya mwisho Doreen kupiga. Mimi nilisimama tu na glavu zangu. Nilitaka kukaa naye. Magoti yangu hayana uzima kwenye baridi.

Baadaye ndani, akaja na bunduki mkononi. Akasema hataki kuichukua hivi. Nyumba yangu ni nyumba ya Doreen, ikae pale juu ya mlango. Anataka kitu kimoja. "Sema tu mia na sabini, shemeji. Mara moja. Tunakunywa kahawa, unakwenda nayo nyumbani."

Waino akaacha kukoroga maharagwe.

Nikafungua mdomo. Nikasema mia na. Nikasema mia na sitini, ile ya greni 160, haikuwa mbaya, matundu mawili yaligusana.

Lyle akangoja kidogo. Halafu akaifunga bunduki kwenye blanketi lake.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Siku ya kwanza ya msimu. Nimeazima bunduki ya Waino. Dume lenye pembe za ncha nane lilipita mbele yangu saa mbili asubuhi, yadi arobaini. Nikakosa. Sijui kama nilifumba macho.

Mkia wa kumi na mbili. Wamekata kwa mkasi wa samaki. Shati ni fupi, nimelinunua mwenyewe.

Nilimwona Lyle kwa darubini, amekaa kwenye kibanda cha Doreen kule juu ya kilima, bunduki magotini. Kulungu watatu walipita mbele yake. Hakuinua. Alikaa tu mpaka mchana, halafu akashuka, akala maharagwe, akalala.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Nyumbani. Juu ya mlango wa jikoni kuna ndoano mbili na alama ya vumbi. Nimekula nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Colette alileta pasti mbili kutoka mnadani. Akasema baba yake ameniagiza niambiwe: bunduki iko nyuma ya mlango wake, hajaipaka hata mafuta, anangoja. Nimpigie simu tu. Neno moja. "Mjomba, ni namba. Siyo kiapo."

Alipoondoka nikajizoeza mbele ya kioo cha kunyolea. Imetoka! Mara mbili imetoka, wazi kabisa. Nikapiga simu. Lyle akapokea kabla haijalia mara ya pili. Nikasema ni mimi. Akasema anajua. Nikasikia jinsi alivyokuwa anangoja, anapumua.

Nikasema mia na. Kikohozi kikanishika. Nikamwambia nitampigia tena nikishahakikisha jambo moja. Akasema, "Sawa, shemeji." Kwa sauti ndogo sana. Nikakata.

Kwa sababu haki lazima itendeke. Siwezi kutamka kitu kama hicho bila ushahidi kamili. Kumi na sita si ishirini. Zile tatu za Lyle hazikupimwa, ziliruka zote na kuingia mlimani. Iliyobaki ni moja, ya kopo lilelile, na huenda hiyo moja ni tofauti. Huenda Doreen aliiweka makusudi, mwishoni, kwa ajili yangu. Ingekuwa tabia yake.

Nimefunga jiko. Nimezima friji. Nimengoja mizani itulie. Nimegonga sakafu mara tatu.

Namba ya Lyle.

Nimejaribu kukirudisha kichwa ndani ya ganda kwa vidole. Kimekaa upande. Baruti nyingine imeingia kwenye ufa wa meza. Ganda lina tone lake jekundu chini, nimelisimamisha dirishani.

Mizani imeharibika, sasa nina hakika. Kesho asubuhi nakwenda Marquette kununua nyingine. Nitauliza pia kama wanauza vichwa vya greni 165.